Bawabu na Mstari wa Kumi na Saba

Je, ukimya ni jina? Niliulizwa swali hili na mlango nikiwa na miaka hamsini na minane, na kabla ya siku hiyo sikujua kwamba milango inaweza kumuuliza mtu jambo lisilo na jibu.

Katika mji wetu jua limekatazwa kutua. Nani alilikataza sijui, maana tangazo lilibandikwa kabla sijajua kusoma, na nilipojua kusoma lilikuwa limeshabanduliwa. Kwa hiyo jioni kwetu ni saa tunayokubaliana tu. Mtu husema, "Sasa ni jioni," mwenzake akaitikia, basi ikawa jioni, ingawa kivuli cha mguu wake kimekaa palepale kilipokuwa asubuhi. Mimi husoma darasa la jioni. Miaka thelathini nimefanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, nikifua mashuka na kuyashona viraka, na siku niliyoambiwa nipumzike nilipiga magoti juu ya sakafu ya saruji nikasema: Bwana, umenipa macho haya nikayatumia kutafuta matundu ya mashuka tu. Nipe kitu kingine cha kusoma kabla hujayafumba. Siku ya tatu nikaliona darasa la Mwalimu Jumwa, kompyuta kumi na mbili na feni moja, watu wanajifunza kuandika maneno ambayo mashine huyatii.

Niseme wazi kitu wanachokiita maktaba, kwa sababu mimi mwenyewe nilikwenda siku ya kwanza nikitafuta rafu. Maktaba ya programu haina vitabu. Ni maandishi ambayo mtu aliyaandika mara moja, akayaacha wazi, na kila mwenye haja akayachukua bila kuomba ruhusa. Yetu sote inaitwa Bawabu. Ina mistari arobaini na mmoja, na milango yote ya mji huu inaitii: ya nyumba, ya zahanati, ya makanisa, hata ya kabati. Ukifika mlangoni, Bawabu huuliza, "Hodi nani?" Unataja jina lako. Husikiliza jina na sauti pamoja, hivyo huwezi kuazima jina la jirani. Kama waliomo ndani wamekukubali, mlango unafunguka. Mistari arobaini na mmoja tu, na nyuma yake tumelala, tumezaa, tumevua nguo, tumelia. Nafikiri hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuisoma. Tuliiamini jinsi unavyoiamini sakafu.

Siku ile Mwalimu Jumwa alitufundisha kuongea na Bawabu kwa kibodi badala ya sauti. Mlango wa stoo ya darasa ndio ulikuwa wa mazoezi. Vidole vyangu ni vya maji ya moto na sabuni ya mche, ni vizito. Wenzangu walikuwa wamemaliza, mimi bado natafuta herufi ya kwanza ya jina langu.

"Mama Wakesho," akasema mmoja nyuma yangu, "hiyo ni kibodi, si maharage. Huna haja ya kuichambua."

"Niache nichambue," nikasema. "Wewe ukila mawe usije kulia meno."

Wakacheka, nami nikacheka, na katika kucheka kidole gumba kikaangukia kitufe kikubwa cha pembeni, kile cha kutuma. Sikuwa nimeandika hata herufi moja. Nilimtumia Bawabu utupu.

Mlango wa stoo ukafunguka.

Kicheko kilikatika. Ufagio uliokuwa umeegemea mlango kwa ndani ukaanguka, ukatoa sauti ya mtu anayejikohoza. Mwalimu Jumwa alikuja akafunga mlango, akasema, "Rudia, Mama." Nikatuma utupu tena. Ukafunguka. Akafunga. Nikatuma. Ukafunguka. Wote walioandika majina yao vizuri na haraka hawakuwahi kuliona jambo hili, kwa sababu hawakuwahi kukosea kwa namna ninavyokosea mimi.

Ndipo aliposimama Sabina Mkawasi, aliyekaa kompyuta ya pembeni yangu tangu muhula uanze. Mkawasi ni mshonaji wa viatu, mwanamke wa maneno machache. Mwezi uliopita mumewe, Nyambu, alichukuliwa sebuleni mwao mchana, sahani ya ugali ikiwa bado na moshi. Mkawasi alikuwa uani. Aliporudi, mlango ulikuwa mzima, komeo zima, bawaba hazina mkwaruzo. Watu walimwambia, "Basi alifungua mwenyewe. Basi aliondoka mwenyewe." Tangu siku hiyo analala kwangu, kwenye godoro la chumba cha mbele.

"Hawakuvunja," Mkawasi akasema, akiutazama ufagio. "Walinyamaza."

*

Nilisoma mistari yote arobaini na mmoja, kidole kwenye skrini, midomo ikitembea. Kusoma ukiwa mzee ni kuingia. Vijana husoma wakiwa nje, macho yao yanapita juu ya maandishi kama inzi juu ya chai. Mimi niliingia. Kila mstari ulikuwa ukumbi, na kila ukumbi una harufu yake, na katika ukumbi wa tano nilijiona nikiwa na miaka saba, nimesimama nje ya darasa nililokatazwa kuingia kwa kuwa kaka zangu ndio waliosomeshwa. Katika wa kumi na moja nilikuwa na thelathini, nimebeba mashuka ya damu. Hatukusalimiana. Kila mmoja alikuwa na kazi yake. Katika ukumbi wa kumi na saba hapakuwa na mtu, palikuwa na tundu ukutani, limekatwa vizuri, kingo zake zimelainishwa kwa mkono. Tundu la kuchakaa nalijua, huwa na nyuzi. Hili lilikatwa na mtu aliyekusudia.

Mstari wa kumi na saba ulisema: mgeni asipotaja jina, fungua. Na chini yake, katika maandishi madogo ambayo mashine huyaruka na binadamu pekee huyasoma: *Anayenyamaza ana msiba. Msimuulize.*

Mwenye kukulia katika mji wetu angeelewa mara moja. Kwetu, mtu akiwa na msiba habishi hodi wala haulizwi jina. Anaingia tu, anakaa chini, anapewa maji. Ndivyo tulivyolelewa. Aliyeandika mstari ule aliifundisha mashine adabu zetu. Lakini mashine haina macho. Haioni uso uliovimba kwa kulia, haioni khanga iliyofungwa kiunoni. Inajua tu kwamba hakuna neno lililosemwa. Na wapo wanaonyamaza kwa sababu nyingine.

Bwana, nilisema moyoni, umeona? Wameingia kwa mlango wa huruma.

"Utaratibu wetu ni huu," Mwalimu Jumwa alinieleza, akipunguza sauti. Ana umri wa binti yangu wa mwisho, lakini nikimwita Mwalimu namaanisha. "Ukiona tundu, hupigi kelele sokoni, maana wezi nao wana masikio. Unamwambia mtunzaji wa maktaba kwanza, peke yake. Anapewa muda wa kuziba. Kiraka kikishawekwa, ndipo unatangaza kwa wote."

"Muda gani?"

"Siku tisini huwa ni kawaida. Lakini Mama, hilo tundu linatumika sasa hivi."

"Mtunzaji ni nani?"

"Bwana Mwakio. Ndiye aliyeiandika Bawabu. Anaishi mwisho wa Mtaa wa Mafundi. Hajibu barua."

*

Nilipotoka darasani walikuwa watatu wananisubiri, watumishi wa Idara ya Utulivu. Wana uso mmoja waliogawana watatu: mmoja amepewa paji la uso, mwingine tabasamu, mwingine macho. Kila mtu mjini anajua kwamba mtumishi wa Idara huacha jina lake getini siku ya kwanza ya kazi, linafungiwa katika sanduku, na baada ya mwaka mmoja mwenyewe hawezi kulikumbuka. Ndiyo sababu salamu zao ni nusu. Salamu zetu huanza na jina.

Aliyesema ni mwenye tabasamu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe nani?"

Tabasamu lilibaki lilivyo. "Tumesikia umesoma. Hongera. Katika umri wako ni jambo la kupongezwa. Tunaomba jambo dogo. Utaratibu wa wataalamu ni siku tisini za ukimya, sivyo? Tunaomba uuheshimu. Na zikiisha, tunaomba tisini nyingine. Mji unahitaji mlango ambao utulivu unaweza kuupitia."

"Nyambu alikuwa fujo?"

"Sisi hatuna majina ya watu, mama. Tuna anwani." Akatazama upande wa nyumba yangu, na ingawa ilikuwa mbali, niliona paa lake likiwaka juani kana kwamba yeye ndiye aliyelielekeza jua. "Anwani yako ina mgeni. Ukiwa kimya, tumemsahau. Ukienda Mtaa wa Mafundi, kengele ya usiku ikilia tutamtembelea."

Kengele ya usiku ndiyo saa ambayo milango yote ya mji husoma maandishi ya Bawabu upya, kutoka kwa mtunzaji. Wao walilijua hilo. Walitaka nijue kwamba hawana wasiwasi.

*

Nilikwenda nyumbani kwanza. Mtu hawezi kucheza kamari kwa maisha ya mwenzake bila kumuuliza.

Mkawasi, aliyetangulia kutoka darasani, alikuwa amekaa kizingitini, kiatu mikononi, sindano ya kushonea ngozi mdomoni. Nilimweleza yote, hata tabasamu. Alitoa sindano mdomoni.

"Kwa hiyo wewe ukisema, watakuja kwangu."

"Ndiyo."

"Na ukinyamaza?"

"Watakwenda kwa mwingine. Kisha watakuja kwako."

Alishona mshono mmoja, akaukaza kwa meno. "Mama Wakesho, unakumbuka nilifanya nini siku ile nilipomkuta Nyambu hayupo? Niliiosha ile sahani. Nilinyamaza, nikaosha sahani. Nilisema moyoni, nikinyamaza vizuri watamrudisha." Akaniangalia. "Umeshavaa viatu. Nenda basi, unakaa unanitazama kama picha."

"Uje na mimi."

"Nikimbilie wapi? Mlango upi usio na Bawabu? Nitakaa humu ndani. Uwahi."

Nilipiga magoti pale pale kizingitini, yeye akaweka mkono wenye gundi ya viatu juu ya kichwa changu, na nikaomba kwa sauti, kwa sababu siku ile nilikuwa nimeanza kuogopa ukimya wangu mwenyewe. Bwana, si kwamba sina hofu. Hofu ninayo. Lakini wao wameniomba nikae kimya, na nikikaa kimya mimi ndiye nitakayekuwa lile tundu. Watapita ndani yangu. Usiniache niwe mlango wao. Amina. Mkawasi akasema amina kabla yangu.

*

Mtaa wa Mafundi hurefuka kwa mtu anayekwenda kuomba kitu. Nyumba zilitembea pamoja nami hatua kwa hatua, zikinichungulia. Sikubembeleza mtaa. Niliuambia: kama ni kurefuka, refuka, nimefua mashuka ya wodi nne kwa siku moja. Ukachoka kabla yangu.

Bwana Mwakio alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, ndevu hazijanyolewa, kikombe cha chai ya rangi kimepoa mbele yake. Nilimsalimu, nikamtajia jina langu, nikamwambia nilichoona. Hakushangaa.

"Mstari wa kumi na saba haufutwi," akasema.

"Wanaingia nao kwenye nyumba za watu."

"Nimesema haufutwi. Wewe unajua niliuandika lini?" Alizungumza akiitazama chai. "Tulimzika binti yetu. Mke wangu alikwenda kaburini tena peke yake. Aliporudi, Bawabu akamuuliza, hodi nani? Naye hakuwa na sauti. Ilikuwa imebaki kule. Alisimama nje ya mlango wake mwenyewe tangu adhuhuri hadi jioni. Nyumba aliyoifagia yeye! Imemuuliza jina! Siku hiyohiyo niliandika mstari ule, nikaapa hakuna mwenye msiba atakayeulizwa tena na maandishi yangu. Sasa mke wangu naye yuko kule kwa binti yake. Unataka nimfungie nje mara ya pili?"

Nilikaa kimya, na huo ulikuwa ukimya wa aina aliyoiandikia yeye, kwa hiyo niliuacha upite. Kisha nikauliza.

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Wakati gani?"

"Mama amesimama nje. Wewe ulikuwa wapi?"

Feni ya mashine yake ilizunguka. "Ndani," akasema. "Nililala sakafuni. Sikusikia kitu."

"Bawabu hakukuambia kwamba kuna mtu."

"Hapana. Hakuniambia."

"Basi ndugu yangu, ule mlango haukukosa kufunguka. Ulikosa kukuita. Ungekuita, ungeinuka?"

Uso wake ukakunjika. "Ningetambaa," akasema.

Nikavuta kiti. Nilimweleza habari za viraka, kwa kuwa ndicho ninachokijua. Shuka likitoboka huwezi kulifuta tundu, na mgonjwa hawezi kulalia tundu. Unachukua kitambaa cha shuka hilohilo, unakunja kingo ndani, unashona kwa upande wa chini ili mshono usimkwaruze mtu. Kisha unalivuta kwa nguvu zako zote. Kama linaachia, liachie mikononi mwako, si chini ya mgonjwa. Hatutaufuta mstari wako. Maneno yako madogo yatabaki palepale. Lakini pale panaposema *fungua*, tutaandika: *waite waliomo ndani, waambie yuko mtu amenyamaza, wao waamue.* Mwenye msiba bado haulizwi jina. Waulizwe wanaompenda. Wao wana macho.

"Na ndani kukiwa hakuna mtu?"

"Basi mlango wa jirani uitwe. Tangu lini mwenye msiba akakaa peke yake katika mji huu?"

Alisukuma kibodi mbele yangu. "Andika wewe."

"Mimi naandika polepole."

"Nimeona yanayofanywa na wanaoandika haraka."

Niliandika. Herufi moja, kisha nyingine. Nilikuwa nikishona, na sindano ilikuwa mimi. Nikapotea humo, sikujua kama ni dakika au muhula mzima, na yule msichana wa miaka saba aliyesimama nje ya darasa alikuja akasimama begani kwangu, akinisomea herufi nilizosahau. Mistari minne. Kisha tukalivuta. Bwana Mwakio alituma utupu mara ishirini, mara ishirini mlango wa chumba chake ulibaki umefungwa na kuita, "Yuko mtu amenyamaza. Mnamtambua?" Alituma nafasi tupu, alituma nukta, alituma pumzi. Ukabaki umefungwa. Mara ya ishirini na moja alikwenda kusimama nje mwenyewe, akanyamaza, na mlango ukaniuliza mimi kama ninamtambua. Nilichungulia. Nilimwona mtu anayelia. "Ninamtambua," nikasema, na ukafunguka.

Ikabaki sahihi. Ni desturi ya kazi hii kwamba kila kiraka kina jina la aliyekishona, na jina hilo linasomwa na mji mzima, daima. Bwana Mwakio akaniangalia. "Idara nao watalisoma. Naweza kuandika 'asiyejulikana'. Wengi hufanya hivyo."

Asiyejulikana! Nimekuwa asiyejulikana miaka hamsini na minane. Mashuka niliyoyashona yamefunika nusu ya mji huu na hakuna lenye jina langu. Nilivuta kibodi. Nikaandika, na chini yake nikatangaza tundu lote bila kuficha: lilipokuwa, lilivyotumiwa, na kwamba Nyambu mume wa Mkawasi alitolewa kupitia hapo, mlango ukiwa mzima, na hakuondoka mwenyewe.

Bwana Mwakio alikubali kiraka. Kengele ya usiku ikalia.

*

Nilirudi mbio, mimi na magoti yangu. Mtaa safari hii ulikuwa mfupi. Hata mitaa husoma matangazo.

Walikuwa watatu mlangoni pangu, wamenyamaza, uso wao mmoja umeelekea mlango. Nilisikia Bawabu akiuliza, "Hodi nani?" Hawakujibu. Nilisikia, ndani ya nyumba yangu, sauti ambayo haikuwahi kusikika mjini: "Yuko mtu amenyamaza nje. Mnamtambua?"

Kisha sauti ya Mkawasi, kavu kama ngozi ya kiatu. "Siwatambui."

Mlango haukufunguka. Mwenye macho aliukodolea. Mwenye paji la uso aliusukuma kwa bega, ukamrudisha. Wamezoea kupita, kuvunja hawakuwahi kufundishwa, na jirani wa kulia alikuwa amefungua dirisha, na wa kushoto, na mtaa mzima watu walikuwa wanatoka, wamesimama vizingitini kwao na wanatazama.

Mwenye tabasamu akanigeukia. "Ni nyumba yako. Sema uingie."

Nilielewa. Nikiingia mimi, wataingia nyuma yangu.

"Semeni nyinyi," nikawaambia. "Si mnataka kuingia? Ni rahisi, hata mtoto anaweza. Taja jina lako."

Hapo niliona jambo ambalo bado naliombea. Mwenye macho alifungua mdomo. Midomo yake ikatafuta. "Mwa," akasema, "Mwa," kisha akasimama, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Tabasamu la mwenzake likaanza kudondoka upande mmoja.

Nilipita katikati yao. Nikaupa mlango mgongo, nikakaa juu ya kizingiti changu, nikavua viatu, maana nilikusudia kukaa. Nikagonga kwa kisigino.

"Hodi nani?" mlango ukauliza.

"Salome Wakesho binti Righa," nikasema, kwa sauti ya kufika mwisho wa mtaa. "Na usifungue."